Walivyomgawana Aukuso

Sogeeni. Wewe wa pembeni, ingia ndani, usikae na mgongo wako nje. Teremsheni mapazia ya makuti ya upande wa kaburi. Yote, mpaka chini.

Na mnyamaze. Sijasema mnong'one, nimesema mnyamaze.

Nawasimulia habari za Feleti, mtoto wa mdogo wangu Anasetasia. Mama yake alimbeba kwenda Kalifonia angali ananyonya, akamrudisha akiwa mwanamume wa makamo mwenye meno meupe yaliyolingana kama funguo za kinanda cha kanisani. Alikuja kutafuta kiti cha Bunge. Ninyi mnamjua kwa ile picha iliyobaki dukani, ile iliyoliwa na mende upande mmoja. Mende waliona mbali.

Niliwahi kumuuliza, siku alipokuja kula kwangu, "Mwanangu, kule unafanya kazi gani hasa?"

"Natafuta vijana wenye wazo zuri, mama mkubwa. Nawapa fedha waanzishe kampuni. Nami nachukua fungu langu."

"Halafu?"

"Halafu nangoja."

"Kungoja ndiyo kazi?"

Akacheka. "Nyingi zinakufa. Ndivyo ilivyo. Ikinona moja, inafidia maiti zote."

Alisema hivyo huku anachokora samaki wangu kwa uma, kama anatafuta kitu kilichopotea. Nikasema moyoni, basi huyu ni kaa wa ufukweni. Kazi yake kungoja kinachoelea.

Sasa mjue, siku zile hapa Samoa kura haikuwa ya kila mtu. Waliopiga ni matai peke yao, wakuu wa koo, watu wenye jina. Na jina lenyewe si la kuitana uani. Ni kama kiti. Mtu anakufa, kiti kinabaki, ukoo unakaa kikao na kumtafuta wa kukikalia. Jina letu ni Leavaisola. Alilikalia kaka yangu Aukuso mpaka pumzi ilipomwisha, tukamlaza hapo mbele ya nyumba, chini ya mawe yale mnayoyakalia mchana mkicheza karata.

Aukuso alikuwa fundi wa nyumba za zamani. Nguzo na boriti alizifunga kwa kamba ya makumbi ya nazi, hakugonga msumari hata mmoja. Kamba hiyo aliisokota juu ya paja lake mahali popote, kikaoni, ufukweni, hata mchungaji akihubiri. Shrr... shrr... shrr... Tulijua yupo kabla hatujamwona. Tulijua pia kwa harufu, maana alijipaka mafuta ya nazi yaliyolowekwa langilangi, akajipaka mengi mno, mpaka nyuki walimfuata.

Mimi aliniita Male. Wengine wote wananiita Malele. Yeye peke yake ndiye aliyelikata jina langu, na alipokufa nikajua sitaitwa hivyo tena.

Nilijidanganya.

Feleti akaitisha kikao cha ukoo. Alikaa sakafuni kwa shida, magoti juu kama panzi. Lugha yetu aliizungumza kama mtu anayesoma karatasi ya dawa. Pembeni yake alikaa Lemisio, msemaji wa ukoo, mzee ambaye mdomo wake haukuwahi kuachana na chakula cha mtu mwingine.

"Nimeambiwa," Feleti akasema, "jina moja linaweza kukaliwa na watu wawili."

"Ndugu wawili," nikamwambia, "wakigombana. Ni kwa ajili ya amani."

"Kama wawili wanaweza, arobaini watashindwa nini?"

Lemisio akapiga paja. "Ee! Sikieni akili za ng'ambo hizo!"

"Arobaini wa nini?" nikauliza.

"Wapiga kura, mama mkubwa. Tunaligawa jina. Kila mwenye kipande ana kura yake. Wote wa kwetu, wote wananipigia mimi. Hiyo ni hesabu tu."

"Mkishapiga, hivyo vipande?"

Akainua mabega. "Vitajifia vyenyewe."

 Nikasema, "Feleti, jina la Aukuso si mkate."

"Marehemu hahitaji kitu, mama mkubwa."

"Dada Malele," Lemisio akadakia, "wewe suka mikeka. Haya ya siasa tuachie wanaume."

"Nitawaachia, Lemisio. Lakini kwanza futa kidevu. Mafuta ya nyama ya kopo aliyokupa Feleti bado yanang'aa."

Watu wakacheka mpaka mtoto mchanga akaamka. Lemisio hakucheka. Kwetu dada wa mkuu ni mtu mzito, neno lake kikaoni halirukwi. Siku ile lilirukwa. Waliliruka kama watoto wanavyoruka dimbwi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na katoni yake ya nyama ya kopo begani.

La kuniuma zaidi, wa mwisho kuruka alikuwa mwanangu Solofa. Mwanangu wa pekee. Alikuwa na mke, Sieni, na mtoto anayetambaa.

"Mama, ni kura tu. Na mimi nitakaa mbele na wazee."

"Ulikuwa hutaki hata kumletea mjomba wako maji ya kunawa. Leo unataka kumkalia?"

Akaangalia chini. Lakini akaenda.

Sherehe yenyewe nisiwaelezee sana, nitatapika. Wanaume walijaa nyumbani wakamwagika mpaka uani, wengine wamekaa juu ya ndoo. Ava, kile kinywaji chetu cha mizizi, waliikorogea kwenye beseni la kufulia. Feleti alileta mpiga picha, akawa anageuza shavu lake zuri. Yeye alikunywa wa kwanza. Kisha Lemisio akaanza kuita. Leavaisola, kikombe. Leavaisola, kikombe. Jina lile lililokuwa likiitwa mara moja katika maisha ya mtu, likaitwa kama kuku wanaoitiwa mahindi, mpaka sauti ikamkauka.

Nilikuwa nimekaa nyuma, na kila lilipoitwa nilisikia kitu. Kidogo tu. Kutoka upande wa mawe.

Tk.

Kama kiungo cha kuku kinapoachana.

Leavaisola. Tk.

Nikamwuliza jirani yangu, "Unasikia?" Akasema, "Nini? Vikombe?" 

Jioni ileile nilikwenda kuanua majani yangu ya mkadi, yale ya kusukia mikeka. Nilikuwa nimeyaanika juu ya mawe ya kaburi, maana ndiyo yanayoshika joto. Kombe la kwanza, lile la baharini linalopulizwa jioni kama baragumu, lilikuwa limelia. Mnajua utaratibu. Kombe la kwanza, kila mtu arudi nyumbani. La pili, sala, hakuna anayetembea. Wageni hufikiri ni kwa ajili ya kumheshimu Mungu tu. Ni kweli. Lakini bibi zetu walifunga makuti wakati huo kabla wamishenari hawajafika.

Nikainama, nikaanza kuviringisha majani. Upepo ulikuwa umekufa. Hata mbwa walikuwa wamenyamaza...

Nikanusa langilangi.

Si ua. Mafuta. Mafuta mengi mno, ya mtu asiyejua kiasi.

Sikuinua kichwa. Nikaona vidole vya mguu vikining'inia kwenye jiwe la juu. Mguu mmoja. Pale ambapo mguu wa pili ulipaswa kuwa, palikuwa na jiwe tupu.

Nikasema polepole, "Kaka?"

Mtu yule akageuka. Alikuwa Aukuso, na nywele zake zimefungwa fundo kama alivyozifunga. Upande wa kushoto hapakuwa na sikio, palikuwa laini kama boga. Akaninyooshea mkono wa kuume.

Uliishia kwenye kifundo.

Hapakuwa na damu. Pamekatwa safi, kama mkate. Akafungua mdomo aniambie kitu, nami nikatazama ndani. Hapakuwa na ulimi. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na giza, na hilo giza likapumua.

Kombe la pili likalia.

Sijui nilifikaje nyumbani. Nilimkuta Solofa amesimama katikati ya nyumba, bakuli limepasuka miguuni pake, Sieni anaokota vigae.

"Mama," akasema, "mkono umekufa ganzi." Akacheka, lakini macho hayakucheka.

Nikaushika. Mkono wa kuume. Ulikuwa wa baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu.

Hakuwa peke yake. Mmoja aliamka mguu haumsikii. Mwingine bega. Mwingine jicho halifumbiki, akawa analala nalo wazi, na mkewe akahamia kwa mama yake. Taavili, mpwa wa Lemisio, aliziba sikio lake la kushoto kwa pamba, akasema linasikia minyoo. Alisema hivyo mara moja tu. Wiki ileile akapanda ndege kwenda Auckland kwa ndugu zake, kipande chake cha jina kikiwa naye.

Daktari wa wilaya akawapima, akasema damu inapita vizuri. Akawapa vidonge vya mishipa. Lemisio akawa anapita nyumba hadi nyumba: "Ni uchovu wa sherehe! Kunyweni maji!" Yeye mwenyewe alikuwa anachechemea.

Na Feleti? Feleti alipata kitu kizuri.

Alipata sauti.

Yule mtu wa karatasi ya dawa alisimama mbele ya kijiji wiki iliyofuata akahutubia, na lugha ikamtoka kama mafuta. Nzito, tamu, yenye mizaha ya zamani, majina ya vilima na visima ambavyo hajawahi kuviona. Wazee wakafuta machozi. "Ona! Damu haipotei! Amejifunza haraka namna gani!" Na yeye anatabasamu, anageuza shavu zuri, anadhani ni kipaji.

Mimi nilisimama nyuma. Kila mtu mzima pale aliijua ile sauti, walikuwa wameisikia miaka na miaka. Lakini walikuwa wamekula, na mtu aliyekula huchagua cha kusikia.

Siku chache baadaye, jioni, tukiwa kwenye sala, macho yamefumbwa, mchungaji wa redioni anaomba...

Shrr.

Nikafumbua jicho moja.

Shrr... shrr...

Solofa alikuwa ameinamisha kichwa, anaomba kweli. Lakini mkono wake wa kuume ulikuwa juu ya paja, unasokota. Makumbi yalitoka wapi sijui. Mwanangu hakuwahi kujifunza kusokota kamba. Alikuwa anaona haya, anasema ni kazi ya wazee. Na kamba ile ilikuwa imesokotwa vizuri, nyembamba, imebana, kazi ya fundi.

"Solofa," nikanong'ona.

Akafumbua macho. Akautazama mkono wake kama mtu anayetazama panya kitandani.

"Mama, uzuie."

Tukaushika mimi na Sieni, wanawake wawili wazima. Ukatuburuta. Uliacha pale kombe la tatu lilipolia, sala ilipokwisha, ukaanguka kama kitu kilichokatiwa uzi.

Ikawa kila jioni. Ngozi ya paja ikachubuka, ikatoa damu, mkono haukujali. Sieni akaufunga kwa kanga. Asubuhi kanga ilikutwa imefunguliwa, imekunjwa vizuri, imewekwa kando. Kamba ikawa ndefu, ikajikunja pembeni mwa nyumba kama nyoka aliyeshiba. Kisha mkono ukaanza kupima. Ulishika ncha moja ukaiweka kwenye koo la Solofa. Ncha nyingine ukaitupa nje.

Kuelekea kwenye mawe.

Nikaenda kwa Feleti. Alikuwa amejenga nyumba ya vioo barabarani, kila mtu anamwona akila. Nilimkuta amekaa na Lemisio, wanakunywa bia.

"Feleti, mwanangu anakufa. Itisha ukoo, kila mtu alirudishe jina kaburini. Wewe ndiye uliyeanza, wakikuona unarudisha watafuata."

"Mama mkubwa, uchaguzi ni Ijumaa. Nikimwachia mmoja, wote wataniponyoka."

"Solofa ni mtoto wa dada ya mama yako. Mmelala mkeka mmoja mkiwa watoto wachanga."

"Nampenda Solofa." Akaweka mkono kifuani. "Nitamleta daktari kutoka mji mkuu, Apia. Baada ya Ijumaa."

"Na akifa kabla?"

Akazungusha chupa. Na hapo nikamwona, watoto wangu, nikamwona mpaka chini kabisa. Hakuwa na chuki na Solofa. Wala hakuwa na hasira nami. Alikuwa ameshamhesabu kati ya zile zinazokufa.

"Dada Malele," Lemisio akasema, "Mheshimiwa ana mambo mengi ya..."

"Huyu bado si Mheshimiwa, wewe mlamba masufuria. Nyamaza."

Feleti akafungua mdomo ili anicheke. Kicheko hakikutoka. Ikatoka ile sauti nzito, chini, ya mtu aliyelala muda mrefu.

"Male... baridi."

Lemisio akaweka bia chini.

"Male... mdomo wa huyu unanuka."

Kisha Feleti akapepesa macho, akaendelea na maneno yake pale alipoishia, eti nisiwe na wasiwasi. Hakujua. Nilimtazama Lemisio. Lemisio alitazama ukuta. Alikuwa amesikia, na akachagua bia.

Ijumaa wakapiga kura. Walikwenda wakichechemea, wakishikana, yule wa jicho ameongozwa na mtoto. Wakapiga. Feleti akashinda. Waliposhangilia kule barabarani nilikuwa jikoni nje, na Sieni akaja mbio, hana hata sauti ya kupiga kelele.

"Mama... hayupo."

Tulimkuta kwenye kaburi. Kombe la kwanza lilikuwa linalia. Alikuwa amepiga magoti, kamba imezunguka shingo yake, na mkono wake wa kuume umeingia katikati ya mawe mpaka juu ya kifundo. Mahali ambapo haungepita wembe.

"Mama," akasema taratibu, kama asiyetaka kumwamsha mtu. "Ananivuta."

Kiwiko kikasogea kidogo. Ndani.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Kwetu, mtu wa ukoo wako akimjeruhi mtu, unakwenda kukaa chini mbele ya nyumba ya waliojeruhiwa, umejifunika mkeka wa heshima kichwani. Huongei. Hujitetei. Unangoja. Wakitaka kukuua, wanakuua hapo, ni haki yao. Wakisamehe, mwenye nyumba anatoka na kuuinua mkeka kwa mkono wake. Sikuwahi kusikia mtu amelifanyia kaburi. Lakini nilijiuliza, aliyejeruhiwa ni nani? Nyumba yake ni ipi?

"Sieni, lete mkeka wangu wa harusi. Kimbia. Kisha ingia ndani ukumbatie mtoto, usitazame."

Nikakaa kando ya mwanangu, nikautandaza mkeka juu yetu. Ndani yake palikuwa na giza la manjano na harufu ya kabati. Niliusikia moyo wa Solofa. Nilisikia kamba ikijibana.

Kombe la pili.

Kijiji kikanyamaza. Hata kule kwa Feleti walinyamaza, mazoea ni mazoea.

Langilangi.

Jiwe likasugua jiwe.

Nilitaka kusema, kaka nilikataa, mimi nilikataa. Nikajizuia, maana anayekaa chini ya mkeka hajitetei. Kitu kikauzunguka mkeka. Tup... Kimya. Tup... Mguu mmoja. Kikasimama nyuma ya Solofa. Kikasimama muda mrefu. Kikaja kwangu.

Ukingo wa mkeka ukainuka.

Polepole.

Sikuinua macho. Niliona kifundo kisicho na mkono kimeingizwa chini ya ukingo, kinausukuma juu, kama mzee anayeinua pazia akiwa amebeba vitu. Kikaenda upande wa Solofa. Nikasikia mwanangu akivuta pumzi kali...

Kisha akalia kwa maumivu. Maumivu mazuri. Mkono wake ulikuwa umetoka, umechunika, unatoka damu. Na ulikuwa wa moto.

Kamba haikuwepo shingoni. Haikuwepo popote.

Habari ikatembea kuliko redio. Jioni iliyofuata walikuja wote, na mikeka yao, hata Lemisio, amejifunika mkeka wa kuazima. Walikaa mistari kwa mistari kwenye uwanja huu. Kila mmoja alisema kimoyomoyo analirudisha jina, na kila mkeka ukainuliwa. Ule wa Lemisio ulikuwa wa mwisho. Alikaa pale mpaka akajikojolea.

Wawili hawakuja. Taavili alikuwa Auckland. Na Feleti.

Nilimtuma Solofa mwenyewe kwa Feleti, mkono umefungwa bandeji. Akarudi na jibu. Feleti alisema, "Mimi ni mbunge. Nikae chini ya mkeka kama mwizi, huku mpiga picha yupo?" Akatuma katoni za nyama ya kopo ziwekwe juu ya kaburi. Kweli kabisa. Alimpa marehemu hongo ya nyama ya kopo.

Asubuhi tulikuta kila kopo limefunguliwa. Ndani safi, hata mafuta hakuna. Mbwa wote wa kijiji walikuwa wamelala upande wa pili wa barabara, na hakuna aliyetaka kuvuka.

Siku ya kwenda Apia kula kiapo, gari lake lilipita hapa jioni kuelekea bandarini. Kombe la pili lilikuwa limeshalia. Vijana wanaolinda barabara walimwashiria asimame, angojee sala iishe. Alisimama. Lakini hakungoja. Alishuka, akaanza kutembea huku na huku akifanya mazoezi ya hotuba yake. Tulimsikia sote, kila nyumba, vichwa vimeinama. Ile sauti nzuri. Wapendwa wa wilaya hii... Inapita. Inarudi. Inakaribia mawe.

Wapendwa...

Ikakatika.

Shrr.

Hakuna aliyeinuka. Niwaambie ukweli, hakuna aliyetaka.

Kombe la tatu lilipolia tukatoka na taa. Alikuwa amekaa juu ya kaburi, mgongo wima, suti haina hata kunjo. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya makumbi, kuanzia puani mpaka kidevuni, mzunguko juu ya mzunguko, misalaba juu ya misalaba, kama boriti inavyofungwa kwenye nguzo. Kazi safi. Tulitafuta fundo, hatukuliona. Solofa alilazimika kukata.

Alikuwa hai. Ulimi ulikuwepo, mweupe, wa baridi. Sauti haikuwepo. Madaktari wa Apia wakasema kiharusi. Wa Kalifonia wakasema neno refu zaidi lenye maana hiyohiyo. Nani alimfunga, vijana wa barabara wanaapa hawakuona mtu. Waliona tu mkono mmoja wa Feleti ukimpungia aje mtu ambaye wao hawakumwona.

Basi. Kiti cha Bunge alikirithi mwalimu wa kijiji cha pili, akasinzia humo hadi akastaafu. Nyumba ya vioo waliirithi popo. Wenzake wa Kalifonia walirithi mafungu yake, nasikia hawakumtembelea hata mara moja. Anasetasia alirithi mtoto wa kulisha kwa kijiko. Lemisio hakuacha kitu, alikuwa amekula chote. Solofa, baba yenu, alirithi kovu lile mnaloliona, na Sieni akarithi mume. Mkeka wangu wa harusi nimeshasema ni wa nani nikifa. Jina la Leavaisola hakulirithi mtu. Lipo na mwenyewe.

Na Taavili alifia Auckland, akazikwa huko na kipande chake. Kwa hiyo Aukuso ana mikono yake, ana miguu, ana sauti. Sikio la kushoto hana.

Ndiyo maana nawaambia mnyamaze wakati wa sala, si kunong'ona. Mkisema kwa nguvu, anasikia kutoka kulekule. Mkinyamaza, hana la kusikiliza.

Lakini mkinong'ona, inambidi asogee.